Kitafute Kijiji Kwanza: Kufuatilia Nasaba ya Kiitaliano

Anayetafuta mababu zake wa Kiitaliano kwa kawaida huanza na jina la ukoo. Analiandika kwenye intaneti, Russo au Ferrari au Bianchi, na papo hapo yanamwagika majina ya maelfu ya watu asiohusiana nao kwa lolote. Anahangaika wiki mbili, anachoka, kisha anawaambia nduguze kwamba nyaraka za ukoo zilipotea vitani. Mara nyingi hazikupotea. Zimo rafuni, zimefungwa mwaka kwa mwaka na kijiji kwa kijiji, na aliyeziita kwa jina la ukoo peke yake hawezi kuitikiwa.

Sababu iko katika historia ya nchi yenyewe. Italia ilitangazwa kuwa ufalme mmoja tarehe 17 Machi 1861. Kabla ya hapo rasi ile ilikuwa vipande vipande: Wabourbon walitawala Napoli na Sisilia, Papa alitawala Roma, Waaustria walikuwa Venezia, ukoo wa Savoia ulikuwa Torino. Na hata baada ya kuungana, kazi ya kuandika nani kazaliwa, nani kaoa na nani kafa ilikabidhiwa manispaa, ambayo Waitaliano huiita comune. Leo ziko karibu 7,900. Nyingine ni jiji kubwa kama Milano, nyingine ni kijiji cha mlimani ambacho wakazi wake wote wangeenea kanisani. Kila comune ina ofisi yake ya usajili na madaftari yake. Hakuna daftari moja la karne ya 19 la taifa zima. Kwa hiyo kabla hujauliza babu aliitwa nani, uliza alitoka comune gani. Nitalirudia jambo hili, maana nimeona watu wengi wakipoteza miaka kwa kulipuuza.

Jina la mahali linapojificha

Anza nyumbani, tena anza na wazee walio hai, wasije wakaondoka nalo. Fungua masanduku. Tafuta pasipoti za zamani, vyeti vya ubatizo, kadi za maziko, barua zenye muhuri wa posta, picha ambazo nyuma yake mpiga picha aliandika jina la mji wake. Uliza pia ni mtakatifu gani ambaye bibi alimfanyia sherehe kila mwaka. Wahamiaji wa Kiitaliano walipofika New York au Buenos Aires walianzisha vyama vya kusaidiana, na vingi viliitwa kwa jina la mtakatifu msimamizi wa kijiji walikotoka. Mtakatifu asiyejulikana sana anaweza kukuonyesha bonde zima.

Kauli za nyumbani zipokee kwa heshima, lakini zipime. Mzee aliyesema "sisi ni watu wa Napoli" huenda alimaanisha jiji, huenda alimaanisha mkoa wote unaolizunguka, na huenda alimaanisha bandari alikopandia meli. Genova na Palermo zina mtego huo huo.

Kama familia ilivuka Atlantiki, orodha za abiria ndizo hatua inayofuata. Kati ya 1876 na 1915 Waitaliano wapatao milioni 14 walihama nchi yao, wengi wakielekea Marekani, Argentina na Brazili. Kituo cha Ellis Island katika bandari ya New York kilifanya kazi kuanzia 1892 hadi 1954, na orodha zake zinasomeka bure kwenye tovuti ya wakfu unaokitunza. Tafuta hasa safari za kuanzia 1907, kwa sababu tangu mwaka huo fomu ilimtaka abiria ataje mahali alipozaliwa pamoja na jina la ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani. Mstari mmoja wa namna hiyo unaweza kumaliza utafutaji wa miaka.

Kuna hadithi inayosimuliwa katika familia nyingi kwamba makarani wa Ellis Island walibadilisha majina ya watu. Si kweli. Orodha ziliandikwa na makampuni ya meli kwenye bandari ya kuondokea, na wakaguzi wa New York walihakiki yale yale yaliyokwisha kuandikwa. Giuseppe aligeuka Joseph baadaye, shuleni, kiwandani au alipoomba uraia. Kwenye meli mtafute kwa jina lake la Kiitaliano. Na mwanamke mtafute kwa jina la ukoo wa baba yake hata kama alikuwa ameolewa, maana mwanamke wa Kiitaliano halibadilishi jina hilo katika nyaraka anapoolewa. Kwa mtafuta nasaba hiyo ni neema kubwa: upande wa akina mama haufutiki, kama unavyofutika katika nchi nyingi za Ulaya.

Ikiwa kijiji bado hakijaonekana lakini mkoa unajulikana, geukia nyaraka za jeshi. Tangu nchi ilipoungana, kila kijana wa kiume aliandikwa katika orodha ya waliofikia umri wa kuitwa jeshini, liste di leva, iliyopangwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Aliandikwa hata kama alikuwa amekwisha kuhamia ng'ambo. Daftari lingine, ruoli matricolari, linaeleza urefu wake, rangi ya nywele na macho, kazi yake, na kama alijua kusoma na kuandika. Mjukuu aliyekuwa na jina tupu anapata mtu mwenye sura.

Ramani za intaneti zinazoonyesha ukoo fulani umejaa wapi zinafaa ikiwa jina ni la nadra. Kwa jina kama Russo hazitakusaidia kitu. Kipimo cha vinasaba nacho kinaweza kukukutanisha na binamu aliye hai ambaye anakijua kijiji, lakini chenyewe hakitakitaja.

Madaftari yanaanza lini

Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa sababu jibu linategemea nani alitawala wapi. Napoleon ndiye aliyeleta usajili wa serikali. Kaskazini na katikati ulianza kuanzia 1806, na katika Ufalme wa Napoli ulianza 1809. Sisilia, ambayo Napoleon hakuifikia, ilianza 1820. Alipoanguka mnamo 1815, watawala wengi wa kaskazini waliuacha mtindo huo na kuwarudishia mapadri kazi ya kuandika. Wafalme wa kusini waliuendeleza. Matokeo yake ni kwamba mjukuu wa mkulima fukara wa Calabria au Basilicata mara nyingi anaweza kuwafuata wazee wake kwa nyaraka za serikali hadi 1809 bila kukatika, wakati mwenzake mwenye asili ya Piemonte, akifika 1866, inambidi aende kubisha hodi parokiani.

Mwaka huo, 1866, ndipo usajili wa Italia iliyoungana ulipoanza rasmi. Veneto, iliyojiunga baadaye, iliingia 1871. Trento na Trieste zilibaki chini ya Austria hadi mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, na huko daftari la paroko ndilo lililokuwa daftari la serikali. Wenye asili ya Trento wana bahati: hifadhi ya mkoa imeweka mtandaoni kumbukumbu za waliozaliwa huko kati ya 1815 na 1923, zinazotafutika kwa jina.

Madaftari ya serikali yaliandikwa nakala mbili, moja ikabaki kwenye comune na nyingine ikapelekwa mahakamani, kisha ikaishia katika Archivio di Stato, hifadhi ya nyaraka ya mkoa. Kwa hiyo hata pale ofisi ya kijiji ilipoungua, usikate tamaa kabla hujaulizia ile ya pili.

Nakala hizo za pili ndizo zinazopigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti ya Antenati, neno la Kiitaliano lenye maana ya mababu. Ilifunguliwa 2011 na inaendeshwa na idara ya hifadhi za nyaraka ya serikali ya Italia. Haina malipo. Unachagua hifadhi ya mkoa, kisha comune, kisha kipindi: napoleonico kwa enzi ya Napoleon, restaurazione kwa miaka ya baada yake, italiano kwa ufalme ulioungana. Halafu unachagua mwaka, na aina ya daftari: nati ni waliozaliwa, matrimoni ni ndoa, morti ni waliofariki. Sehemu ya kutafuta kwa jina ipo, lakini majina yaliyokwisha kuingizwa ni machache ukilinganisha na picha zilizopo. Jiandae kufunua kurasa moja moja kama aliyeketi mbele ya daftari lenyewe. Nenda kwanza mwishoni, kwenye faharasa ya mwaka. Katika madaftari ya mwanzo faharasa nyingine zimepangwa kwa jina la kwanza, kwa hiyo ukoo usipouona palipotarajiwa, tazama Giuseppe wote.

Mwenzake wa Antenati ni FamilySearch, shirika lenye makao Utah, Marekani. Nalo ni bure, ila linataka ufungue akaunti. Baadhi ya picha zake hufunguka ukiwa katika vituo vyake au maktaba washirika tu. Zitumie tovuti zote mbili kwa pamoja, maana comune isiyoonekana huku huenda ipo kule. Na kama comune yenyewe haionekani popote, chunguza jina lake: serikali ya Mussolini iliunganisha vijiji vingi vidogo miaka ya 1920, na kitongoji cha leo huenda kilikuwa na ofisi yake zamani.

Kuusoma ukurasa

Usiogope mwandiko. Karani aliandika maneno yale yale kila mara. Ukishausoma ukurasa mmoja kwa subira, kurasa mia zinazofuata utazitambua kwa sura. Mwaka na tarehe vimeandikwa kwa maneno. Anayefika mbele ya ofisa ni baba kwa kawaida, na umri wake umetajwa, pamoja na kazi na mahali anapoishi. Contadino ni mkulima, bracciante ni kibarua wa shambani, calzolaio fundi viatu, filatrice mwanamke anayesokota nyuzi, possidente mwenye mali. Mkunga, levatrice, anapofika badala ya baba, jiulize baba yuko wapi: huenda ni mgonjwa, amesafiri, amekufa, au hakutajwa kabisa.

Neno dogo kuliko yote ndilo lenye faida kubwa. "Antonio di Giuseppe" ni Antonio bin Giuseppe, na Giuseppe yu hai. "Antonio fu Giuseppe" ni Antonio wa marehemu Giuseppe. Ukimkuta Antonio akiitwa di katika ndoa ya 1871 na fu katika kuzaliwa kwa mwanawe 1874, umeshajua kifo cha baba yake ukitafute katika miaka mitatu tu.

Chunga miezi iliyofupishwa. 7bre si mwezi wa saba. Ni settembre, kwa sababu sette ni saba, na settembre ni Septemba. Vivyo hivyo 8bre ni Oktoba, 9bre ni Novemba, na Xbre ni Desemba.

Chunga zaidi majina. Kwa desturi iliyoenea, hasa kusini, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Wakikuyu wa Kenya watacheka wakisikia haya, maana desturi yao ni karibu ile ile. Inakusaidia kubahatisha jina la babu kabla hujaliona. Lakini pia inazaa binamu watano wenye jina moja na ukoo mmoja katika kijiji kimoja, wote wamezaliwa ndani ya miaka kumi. Watenganishe kwa jina la mama, kwa kazi ya baba, kwa jina la mtaa. Na ukimpata Giuseppe wako wa 1885, usishangilie kabla hujapitia daftari la vifo la miaka michache iliyofuata. Mtoto alipokufa, jina lake mara nyingi alipewa atakayezaliwa baada yake. Watu wamejenga mti mzima juu ya mtoto aliyekufa akiwa na miezi miwili, na mtu wao halisi alikuwa mdogo wake.

Ukishaipata hati ya kuzaliwa, tazama pambizo. Makarani waliongeza pale habari za ndoa, na baadaye za kifo, pamoja na jina la comune ambako tukio lilitokea. Kisha rudi nyuma kutafuta ndoa ya wazazi, miaka kumi hivi kabla ya mtoto unayemjua. Ndoa ndiyo hati tajiri kuliko zote, kwa kuwa inataja wazazi wa pande zote mbili. Hati ya kifo nayo hutaja wazazi wa marehemu, ila mtoa habari mara nyingi alikuwa jirani, na umri ni wa kukisia. Ikigongana na hati ya kuzaliwa, iamini ya kuzaliwa.

Kwa watu wa kusini kuna hazina nyingine ambayo wageni huipita bila kuijua: allegati, viambatisho vya ndoa. Bwana harusi na bibi harusi walitakiwa kuleta vyeti vyao vya kuzaliwa au vya ubatizo. Kama baba amefariki, walileta cheti cha kifo chake. Na kwa kuwa hapo ruhusa ya ndoa ilihamia kwa babu, kama babu naye amefariki walileta cha kwake. Ndoa ya 1812 inaweza kukupa babu aliyezaliwa miaka ya 1730, na karatasi zote zimo katika bahasha moja.

Maneno yanayoumiza

Utakuta mtoto aliyeandikwa kuwa wa wazazi wasiooana, na moyo utashtuka, hasa ikiwa bibi alikuwa mcha Mungu. Tulia. Kati ya 1866 na makubaliano ya Papa na serikali ya 1929, ndoa ya kanisani haikutambuliwa na sheria ya nchi. Wapo waliofunga ndoa mbele ya padri na wasiende kwa meya, na mbele ya karani watoto wao walikuwa wa nje ya ndoa. Angalia daftari la parokia kabla hujamhukumu mtu.

Utakuta pia ukoo unaokatika ghafla kwa mtoto wa kuokotwa. Miji mingi ilikuwa na ruota, gurudumu la mbao ukutani mwa hospitali au nyumba ya watawa, ambapo mama alimweka mtoto usiku, akalizungusha na kuondoka bila kuonekana. Firenze ina Spedale degli Innocenti, nyumba iliyopokea watoto hao tangu 1445. Majina waliyopewa yamebaki kuwa koo: Esposito huko Napoli, Innocenti huko Firenze, Proietti Roma, Colombo Milano. Si kila Esposito wa leo ana babu aliyeokotwa karibuni. Huenda ni vizazi kumi nyuma. Lakini mti wako ukifika kwenye gurudumu, uliza hifadhi ya taasisi husika kabla ya kufunga kitabu. Baadhi ya akina mama waliacha alama kwa matumaini ya kurudi: nusu ya sarafu, kipande cha utepe, medali iliyokatwa. Daftari lilieleza kila alama.

Na liko jambo linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki na jirani zetu wa Pembe ya Afrika. Sheria ya Italia ya 13 Mei 1940 ilimkataza baba Mwitaliano kumtambua mtoto aliyezaa na mwanamke wa makoloni ya Eritrea, Somalia na Ethiopia. Ilifutwa baada ya vita, 1947. Mtu mwenye asili hiyo asipoliona jina la baba kwenye cheti asidhani ni lazima alitelekezwa. Huenda kalamu ilizuiwa na sheria. Kwa hao, madaftari ya ubatizo ya misheni na kumbukumbu za kazi au jeshi za baba ndiyo njia. Vivyo hivyo kwa waliozaliwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano walioletwa Kenya kwa maelfu, wale waliojenga kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka 1942. Kumbukumbu za wafungwa wa vita zipo kwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, Geneva, na daftari la jeshi la kila askari lipo katika mkoa wake wa kuzaliwa.

Kuandika barua

Kwa nyaraka zisizo mtandaoni, andikia stato civile, yaani ofisi ya usajili ya comune. Andika Kiitaliano, hata cha kutafsiriwa na mashine kisha kikasahihishwa na anayejua. Fupisha: jina kamili, tarehe au miaka ya kukisia isiyozidi mitano, majina ya wazazi, na hati unayotaka. Estratto ni muhtasari. Copia integrale ni nakala kamili, nayo hutolewa kwa yeyote hati ikishapita miaka 70. Kuanzia 2025 sheria inaruhusu comune kutoza hadi euro 300 kwa hati ya zaidi ya karne moja, na kupunguza kiasi hicho kwa mwombaji aliyetaja jina na mwaka kamili. Kwa hiyo tafuta Antenati kwanza, uandike barua baadaye.

Anayetafuta kwa ajili ya uraia ajue kwamba mlango umebanwa. Sheria namba 74 ya Mei 2025 iliondoa haki iliyokuwa ikirithiwa bila kikomo cha vizazi. Kwa walio wengi waliozaliwa nje ya Italia na wenye uraia mwingine, sasa anahitajika mzazi, babu au bibi aliyekuwa na uraia wa Italia pekee. Usimlipe wakala hata senti kabla ubalozi haujakueleza hali yako.

Nyuma ya madaftari ya serikali yapo ya Kanisa. Mtaguso wa Trento uliagiza mnamo 1563 kila paroko aandike ndoa na ubatizo, na kanuni ya 1614 iliongeza vifo na stato delle anime, hesabu ya roho, ambamo paroko aliandika nyumba kwa nyumba nani anaishi na nani, pamoja na umri wao. Yameandikwa Kilatini, na mengi bado yako parokiani au katika hifadhi ya jimbo. Paroko halazimiki kukutafutia; pengine ana parokia nne na hana karani. Mwandikie kwa adabu, mpe miaka mahususi, ambatisha sadaka, na usimsumbue wiki ya Pasaka. Akijibu, nakili kila kitu kama kilivyo: jina la parokia, kitabu, ukurasa, namba, hata tahajia iliyokosewa, ili yule atakayeendelea baada yako aufungue ukurasa ule ule.